Safari ya baiskeli ya siku nzima kwa barabara zisizo na matrela: maswali tunayoulizwa kila mara

Naishi Njeru, hapa Uganda, ng'ambo tu ya mto Nile ukitoka Jinja, lakini nimekulia Busia mpakani, pale ambapo boda boda ilikuwa baiskeli kabla haijawa pikipiki, mtu anakupakia kwenye kerio anakuvusha toka upande huu wa mpaka hadi ule. Kwa hio baiskeli kwangu sio kitu cha juzi. Tuko wachache tunaopenda kuondoka asubuhi na kurudi jioni, kilomita 80, 100, saa ingine 130, na tukirudi na vumbi hadi kwenye nyusi watu wanauliza maswali yale yale. Nimeyakusanya hapa niyajibu kwa urefu.

Mnaanzaje kupanga? Mnaamua kwanza ni kilomita ngapi?

Hapana, kilomita zinakuja mwisho. Tunaanza na barabara. Kilomita 60 za barabara kuu ya Jinja, matrela ya mpakani Malaba yanakupita hadi upepo wake unakuyumbisha, zinachosha kuliko 110 za njia ya Kayunga, na kinachochoka sio miguu ni kichwa, maana masikio yako nyuma muda wote na hata huoni unapita wapi. Ukishapata barabara nzuri kilomita zinaenda zenyewe. Chagua barabara, alafu angalia inakufikisha wapi na inakurudishaje, alafu ndo uhesabu. Mtu akianza na namba, yaani "leo lazima nipige 100", anajikuta anazijazia kwenye lami ya matrela ili tu zitimie.

Nitajuaje barabara ni tulivu kama sijawahi kuipita?

Jiulize lori linafuata nini kule. Barabara inayotoka mji mkubwa kwenda mpakani, malori lazima. Inayoenda kwenye mchanga au machimbo ya mawe ni tipa kutwa nzima, na hao wanakimbizana na tripu. Inayoingia mashamba ya miwa, wakati wa kukata, kuna matrekta na malori yamejazwa hadi miwa inaning'inia pembeni, ukipishana nayo toka kabisa nje ya lami usione aibu. Lakini barabara inayounganisha senta ndogo na senta ndogo, yaani vimji vya maduka, na pembeni yake kuna barabara kuu imeenda sambamba, hio ndo tunayoitafuta, kwa sababu wote wenye haraka wanapita ile kuu.

Na ukishafika, dalili ya kweli ni kuangalia nani mwingine yuko njiani. Ukiona watoto wa shule wanatembea kando ya lami wanapiga stori, mama na jerikeni kwenye kerio, mzee amefunga mikungu mitatu ya matooke anaisukuma baiskeli mlimani polepole, uko mahali sawa. Ukiona watu wote wanatembea mbali kwenye nyasi na hakuna anayethubutu kukanyaga lami, wale wanaijua hio barabara kuliko ramani yako, tafuta ingine.

Siku nayo ni muhimu. Jumapili asubuhi barabara nyingi zinapumua, malori ni machache, watu wanaenda kanisani. Siku ya soko ni kinyume, ile senta unayoijua imelala unaikuta imejaa pikapu, mbuzi, na mitumba imetandikwa hadi ukingo wa lami. Uliza siku ya soko ya kila senta kubwa unayopitia, mwenye boda yeyote wa huko anaijua.

Mnatumia ramani gani?

Za OpenStreetMap, kwa sababu unaipakua Uganda nzima ukiwa na bando nyumbani alafu huko mbele hauhitaji mtandao tena. Organic Maps na OsmAnd zote zinatumia hizo na zote ni za bure. Alafu kabla ya kuamua, fungua picha ya setelaiti uifuate njia yako yote kwa kidole, lami inaonekana ya kijivu, marram, yaani barabara ya udongo, ni nyekundu, na ukiona wekundu umefifia umekuwa kijani ujue hapo ni kinjia tu cha ng'ombe.

Ramani peke yake isikudanganye. Mwaka mmoja nilifuata mstari uliokatiza bonde vizuri kabisa kwenye simu, nikafika chini nikakuta mafunjo yamesimama marefu kuniliko na maji meusi, daraja la magogo lilikuwepo zamani. Nilirudi kilomita 14 saa nane mchana, jua la utosi. Tangu siku hio kila penye swampu kwenye mstari wangu nauliza watu. Na usiulize "hii njia inapita?" maana kwa heshima tu mtu atakujibu ndio inapita. Muulize mtu wa boda "wewe na pikipiki yako ulipita hapa mara ya mwisho lini?" Akisema jana, nenda. Akianza kumuuliza mwenzake, jua hajawahi.

Natoka Kampala kwenda Jinja, kuna njia bila barabara kuu?

Ziko mbili na zote nazipenda. Barabara kuu yenyewe ni kilomita kama 80 na hizi zote ni ndefu zaidi, lakini utafika umetulia.

Ya kaskazini ni Gayaza, Kalagi, Kayunga, alafu unashuka hadi Njeru, jumla kama 115. Kipande cha Kampala hadi Gayaza kina teksi za abiria (kwetu teksi ni ile matatu) nyingi sana zinazosimama bila kuonyesha, hicho kimalize mapema kabla watu hawajaamka au nenda Jumapili. Baada ya Kalagi mambo yanabadilika, unaingia Bugerere nchi ya mananasi, utayaona yamepangwa kando ya barabara, simama ukatiwe moja, ulile hapo hapo ukiwa umeegemea baiskeli. Toka Kayunga kuja Njeru ni lami nzuri, Nile iko mkono wako wa kushoto japo sehemu nyingi hauioni.

Ya kusini ni Mukono, Kisoga, Nkokonjeru, Nyenga, Njeru. Nayo imewekwa lami miaka ya karibuni na bado watu wengi hawajaizoea, kwa hio ni tulivu kweli, karibu 100 hivi. Lakini ina milima ile ya Buganda, unashuka kwenye swampu unapanda, unashuka swampu ingine unapanda, siku nzima, hakuna mlima mrefu ila hakuna pa kupumzika pia. Kwa njia hii mi nasema wazi, pakia baiskeli kwenye teksi hadi Mukono uanzie pale. Kile kipande cha Kampala hadi Mukono sioni kinamuongezea mtu nini zaidi ya moshi.

Watu wanasema basi utakosa msitu wa Mabira. Ni kweli utaukosa, lakini ukiwa na baiskeli mle kwenye barabara kuu macho yako hayako kwenye miti. Mabira nenda siku yake, uingie ndani kwa miguu.

Na Jinja kwenda Busia? Ile ya Iganga na Bugiri naiogopa.

Hii ndo njia ya moyo wangu maana ndo inanipeleka nyumbani. Ile ya Bugiri nakubaliana na wewe, achana nayo. Unatoka Jinja kwa barabara kuu, unapita Kakira, na baada ya kilomita kama 20 hivi unafika Musita, hapo unakata kulia kuelekea Mayuge, Namayingo, Lumino, alafu unapanda Busia. Zamani ilikuwa vumbi tupu, sasa ni lami, na matrela yote yanabaki kule juu Bugiri. Jumla andaa kilomita kama 120.

Shida iko kwenye zile 20 za kwanza, hakuna kukwepa, kwa hio ondoka na mwanga wa kwanza kabisa, taa ya nyuma inawaka hata kama kumekucha, mpande mmoja nyuma ya mwingine, msipige stori hadi Musita. Baada ya hapo mko huru. Ukiwa na nguvu, Lumino kuna njia ya kushuka Majanji kwenye ziwa, samaki wa pale ni wa siku hio hio. Usijitose kwenye maji hata kama joto limekuzidi, Victoria ina kichocho, nawa uso kwa maji ya chupa utosheke.

Mimi naanza tu, kuna njia tambarare?

Busoga, kaka, Busoga dada. Jinja kwenda Kamuli kwa lami ni kama 60, na kurudi unaweza kupita Mbulamuti kwa marram ukaja na upande wa mto. Siri ya upande ule ni reli ya zamani. Reli ya Jinja hadi Namasagali ilifunguliwa 1912 ili mizigo ishuke kwenye meli za ziwa Kyoga, na treni haipendi mlima, kwa hio wale waliopima walitafuta ardhi iliyolala, na njia zilizobaki karibu na reli zimelala pia. Hio ni kanuni unayoweza kuitumia popote, ukiona mstari wa reli kwenye ramani, fuata barabara iliyo karibu nayo, magoti yatakushukuru.

Namasagali penyewe panastahili siku moja. Bandari iliharibika maji yalipopanda miaka ya 60 mwanzoni, sasa ni kijiji na shule na ukimya, unakaa pale na chapati yako unaangalia mto mpana na hakuna gari hata moja. Lakini kwenda na kurudi Jinja siku moja ni ndefu, hio sio ya kuanzia. Mwanzoni nenda Mbulamuti urudi, inatosha.

Niko Entebbe, nifanyaje?

Kwanza ile barabara ya ekspresi ya Kampala haikuhusu, baiskeli hairuhusiwi. Ingia feri ya Nakiwogo, ni ya serikali haulipi, ikuvushe hadi Buwaya, alafu una njia zote za Kasanje na kuelekea Mpigi mbele yako. Uliza ratiba ya feri ya kurudi KABLA haijaondoka, sio jioni ukiwa umesimama ng'ambo.

Magharibi je? Kabale, Fort Portal? Na Sipi?

Pazuri kuliko kwetu, hilo sibishi. Ila kilomita ya Kabale sio kilomita ya Kamuli, chukua ulichozoea ukate nusu. Toka Kabale kwenda Bunyonyi na kuzunguka kidogo juu ya ziwa tayari ni siku kamili kwa mtu wa kawaida. Upande wa Fort Portal kwenye maziwa ya kreta njia ni za marram, fupi fupi, kali, na ukipita msitu wa Kibale usile ndizi mbele ya nyani wala usisimame kuwapiga picha. Sipi ukitoka Mbale ni lami lakini unapanda zaidi ya mita 600, panda asubuhi, na kurudi kagua breki mara mbili.

Tuondoke saa ngapi?

Jua letu halina mambo mengi, mwaka mzima linatoka kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi na kuzama muda ule ule wa jioni, na likizama giza linaingia haraka, hakuna ile jioni ndefu. Sisi saa 12 na nusu tuko barabarani.

Hesabu yetu iko hivi. Kwenye lami tunachukua kilomita 18 kwa saa, kwenye marram 12, na hio ni mwendo wa kuongea sio wa mashindano. Tuseme una 100, kati ya hizo 60 ni lami na 40 marram. Lami ni saa 3 na dakika 20, marram nayo saa 3 na dakika 20, jumla saa 6 na dakika 40. Ongeza saa 2 za kusimama, kula, pancha moja, na kuongea na watu. Ukiondoka saa 12 na nusu unafika saa 9 na dakika 10 alasiri. Umebakiwa na zaidi ya saa 3 za mwanga, na hizo hazipangiwi kitu, ni za bahati mbaya. Hesabu yako ikikufikisha saa 11 jioni, njia ni ndefu mno, kata.

Watu wanadharau sana hizi saa 2 za kusimama, wanasema sisi hatusimami. Mnasimama.

Mvua inapangwaje?

Huku kusini mvua kubwa ni Machi hadi Mei, alafu tena Septemba hadi Novemba na saa ingine inaingia Desemba. Kaskazini ni tofauti, kule ni msimu mmoja mrefu toka Aprili hadi Oktoba hivi. Haimaanishi miezi hio ukae nyumbani. Mara nyingi bara mvua inajikusanya mchana na kushuka alasiri, na karibu na ziwa inapenda kuja usiku au alfajiri, kwa hio ukiamka Entebbe kunanyesha usikate tamaa, na ukiwa Kamuli saa 8 mchana na mawingu yamesimama kama mnara, tafuta veranda.

Radi usifanye nayo mchezo kabisa. Ukanda huu wa Victoria una radi nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Usisimame chini ya mti peke yake uwanjani hata kama ni mwembe mzuri wenye kivuli, ingia nyumba ya watu, piga hodi, hakuna mtu atakufukuza na mvua.

Marram iliyonyeshewa, ipe angalau asubuhi moja ya jua. Udongo mwekundu ukilowa unajaza kwenye breki na madigadi hadi gurudumu linakataa kuzunguka, unakuwa unabeba baiskeli badala ya yenyewe kukubeba. Kwa hio msimu wa mvua panga njia ya lami tu, marram iweke Januari, Februari, Julai.

Baiskeli gani inafaa?

Ulionayo, ikiwa breki zinashika na magurudumu hayachezi. Nimepanda na kijana wa baiskeli ya kawaida ya inchi 28, ile nyeusi ya kubebea matooke, haina gia hata moja, kwenye tambarare hatukumuacha. Kwenye milima alishuka akasukuma na sisi tulimsubiri juu tukila miwa.

Kama unanunua, mitumba ya inchi 26 ya tairi nene ndo rahisi kuishi nayo. Tairi nyembamba za mashindano kwenye marram zitakutesa, yale mawimbi kama bati la nyumba yatakutikisa mikono hadi ishindwe kushika kikombe. Na usijaze upepo hadi tairi iwe jiwe, kwenye marram punguza kidogo ili ikibonyezwa na kidole gumba ikubali kidogo.

Jambo la spea lisikilize vizuri maana limeshawakwamisha wengi. Fundi wa chini ya mti kijijini ana tyubu na tairi za inchi 28 za baiskeli nyeusi na labda za 26. Kama unaendesha ile inayoandikwa 700, ambayo watu nao wanaiita 28, tairi ya kijijini HAITAINGIA, rimu ya baiskeli nyeusi ni milimita 635 na yako ni 622, inafanana kwa macho tu. Tyubu yake ukibanwa inaweza kukusogeza hadi nyumbani kwa sababu tyubu inavutika na kukunjika, ila kwanza angalia kama valvu yake inapita kwenye tundu la rimu yako. Kwa hio mwenye 700 au 29 abebe tyubu zake mbili, na kama valvu zako ni zile nyembamba beba na adapta, pampu ya fundi haizishiki. Fundi mwenyewe ni hodari kuliko sisi wote, usimfundishe kazi, mpe tyubu akuzibie huku unakunywa chai.

Nibebe nini kingine?

Pampu, viraka na solusheni, vyuma vya kutolea tairi, spana za baiskeli yako, kipande cha cheni. Taa mbele na nyuma. Koti jepesi la mvua. Kitambaa cha kufunika pua, hasa kiangazi, lori moja likikupita kwenye marram unakula vumbi dakika nzima. Helmeti, tafadhali. Noti ndogo ndogo za elfu moja na elfu mbili, mama wa chapati hana chenji ya elfu hamsini, na mobile money inategemea mtandao ambao saa ingine haupo. Simu yenye chaji na pawabenki. Vaselini kwa ajili ya mapaja, paka kabla sio baada ya kuumia. Na mafuta ya kujikinga na jua au mikono mirefu, hata sisi weusi, jua la ikweta la kutwa nzima linachoma hadi ngozi ya shingo inabanduka, nimeliona kwangu mwenyewe.

Begi la mgongoni liache, fungia kwenye kerio. Mgongo ukibeba kilo tano kutwa nzima, jioni unauma kuliko miguu.

Mnakula nini njiani?

Uganda hapa ndo imebarikiwa, hauhitaji zile biskuti za bei za wanamichezo. Asubuhi kabla ya kutoka chai na kitu kizito, katogo (matooke yaliyopikwa pamoja na mboga yake) au mihogo. Njiani kila dakika 45 kitu kidogo hata kama huna njaa, ndizi mbivu, bogoya moja au zile ndogo tamu tatu nne, karanga, kipande cha muwa. Saa 4 hivi tunasimama kwa rolex, chapati na mayai, na hapo kikao kinachukua nusu saa bila mtu kuona. Mchana msile kizito mno. Kikomando, yaani chapati na maharage, ni kitamu lakini sahani kubwa alafu mlima mbele ni mateso. Gonja, zile ndizi kubwa tamu, ya kuchoma inafaa zaidi, ni tamu, ina chumvi ukiomba, na unaila huku unasukuma.

Ukisikia kizunguzungu, hasira za bure, umekasirikia wenzako kwa kitu kidogo, hio ni njaa. Simama ule. Huwa tunaangaliana, mtu aliyekuwa anaongea akinyamaza ghafla tunampa ndizi kabla hatujamuuliza.

Na maji?

Nusu lita kwa saa, jua likiwa kali zaidi ya hapo. Beba lita mbili na ujaze kwenye senta, maji ya chupa yanauzwa karibu kila duka. Ya kisima cha pampu mi nanywa yakiwa yamechemshwa tu. Siku ya joto sana tengeneza maji ya chumvi na sukari, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi, ni ile ile ya mtu wa kuhara na inarudisha nguvu kweli. Usizidishe chumvi.

Kiswahili kinatosha huko vijijini?

Inategemea. Busia, Tororo, kaskazini na West Nile utaongea bila wasiwasi. Buganda kuwa mpole, wazee wengi Kiswahili walikisikia kwanza kutoka kwa askari na sio kwa wema, ukifika kwa boma la mtu unapayuka Kiswahili anaweza kujifungia. Anza na "gyebale ko ssebo" au "nnyabo", vua helmeti uonekane uso, subiri ajibu, alafu hata ukiendelea na Kiswahili atakutafutia mtoto wa kutafsiri. Busoga "kodheyo", kwa Wasamia "mulembe". Maneno matatu haya yamenipatia maji, kivuli, na mara moja chakula cha mchana kamili na familia ambayo sikuwa naijua, walinikataza kulipa.

Mtu mzima akikusalimia ukiwa juu ya baiskeli, punguza mwendo umjibu. Usipite kama upepo.

Dada anaweza kwenda peke yake?

Dada zetu wawili wanaopanda na sisi wanasema peke yao wanaenda njia wanazozijua tu, mpya wanaenda wawili au zaidi, na mtu nyumbani anaijua njia na saa ya kufika. Mavazi, wanavaa ile kaptula ya sponji ndani na kitu kipana juu kinachofika magotini, ukisimama kijijini kununua chapati unakaa vizuri na watu. Na mimi nasema ushauri wa njia na saa ya kufika ni wa kila mtu, mwanaume pia.

Mbwa?

Shuka, weka baiskeli katikati yenu, tembea. Anamfukuza anayekimbia.

Nikichoka kabisa katikati?

Hili ndo linapaswa kuwa kwenye mpango kabla hujatoka. Kila njia yetu tunaiwekea milango ya kutokea, kila kilomita 25 hivi lazima kuwe na senta yenye steji ya teksi au barabara ya kukata kwenda kubwa. Baiskeli inapandishwa juu ya teksi, mnaelewana bei na konda kabla haijafungwa sio baada, na ufunge mwenyewe, tandika koti lako kati ya fremu na chuma. Kuingia teksi sio kushindwa. Mwenzetu mmoja alikataa teksi pale Namayingo na goti limevimba, alifika kweli, na hakupanda tena miezi mitatu.

Ajali ikitokea?

Kwanza mtoeni barabarani kama hakuumia shingo wala mgongo, akiwa ameumia huko zuieni magari badala ya kumsogeza. Polisi ni 999 au 112. Kabla ya safari weka alama kwenye ramani vituo vya afya vya daraja la III na IV vilivyo njiani, vile vya daraja la II vidogo mno, na wikendi unaweza kukuta vimefungwa. Mwenye boda wa steji ya karibu ndo ambulensi ya haraka kuliko zote kwa jeraha dogo.

Nifanye mazoezi kiasi gani kabla ya 100 ya kwanza?

Kama unaweza 40 leo bila kufa, wiki mbili mbele piga 60, alafu 80 wiki mbili zingine, alafu umefika. Katikati ya wiki panda saa moja moja tu. Kinachomshinda mtu wa mara ya kwanza mara nyingi ni makalio na mikono, mapafu yanavumilia, na dawa yake ni kukaa kwenye kiti masaa mengi kidogo kidogo.

Tukirudi baiskeli inafanywa nini?

Ioshe usiku huo huo. Vumbi la marram likichanganyika na mafuta ya cheni linakuwa kama msasa, ukiliacha hadi Jumamosi ijayo umekula cheni na meno ya gia pamoja. Ndoo moja ya maji, brashi ya zamani ya mswaki, kitambaa, subiri ikauke, alafu matone ya mafuta kwenye kila kiungo na ufute yaliyozidi. Pitisha kidole kwenye tairi zote mbili utafute mwiba uliobaki, maana mwiba wa leo unatoboa kesho kutwa ikiwa imeegemea ukuta. Mi naifanya kabla hata sijaoga.